Cairo ya Illinois: mji uliozaliwa kwenye ramani

Kusini kabisa mwa jimbo la Illinois nchini Marekani, pale ambapo mto Ohio unamwaga maji yake katika mto Mississippi, upo mji mdogo uitwao Cairo. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu humo wakazi 1,733 tu. Hata hivyo mji huu ni makao makuu ya kaunti ya Alexander, na kwa muda mrefu wafanyabiashara, wanasiasa na majenerali waliamini kwamba hapa ndipo ungesimama mmojawapo wa miji mikubwa ya Amerika Kaskazini.

Jina limechukuliwa kutoka Cairo ya Misri, lakini matamshi ni mengine. Wenyeji wengi hutamka neno lililo karibu sana na "Kero", na Mswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani anataniwa. Hataniwi, ingawa kero zilizoupata mji huo si haba, na nyingi kati yake zina asili moja: mahali ulipowekwa.

Ardhi kati ya mito miwili

Cairo imekaa juu ya rasi nyembamba. Upande wa mashariki unapita mto Ohio, ambao hapa unamaliza safari ya kilomita 1,579 iliyoanzia Pittsburgh. Upande wa magharibi unateremka Mississippi ukitokea Minnesota. Mito hiyo hukutana kusini mwa mji, na mtu akisimama kwenye ncha ya nchi kavu huona majimbo matatu kwa pamoja: Illinois chini ya miguu yake, Kentucky ng'ambo ya Ohio na Missouri ng'ambo ya Mississippi. Maji hayachanganyiki mara moja. Kwa masafa fulani hutiririka ubavu kwa ubavu, kila mto na rangi yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapa makutanoni Ohio ndio wenye maji mengi zaidi. Kama jina lingefuata wingi wa maji, mto unaopita Memphis na New Orleans kwenda Ghuba ya Mexico ungeitwa Ohio.

Ncha ya rasi hiyo ndiyo ardhi ya chini kuliko zote katika Illinois, yapata mita 85 juu ya usawa wa bahari. Katika zama za kale mkono wa bahari uliingia kaskazini hadi karibu na hapa, na baada ya bahari kurudi nyuma mito ikaijaza nchi mchanga na matope. Kwa hiyo mandhari hayafanani na yale ambayo mgeni huyatarajia Illinois. Chicago iko umbali wa kilomita 600 hivi upande wa kaskazini, wakati huku kuna vinamasi, miti inayosimama ndani ya maji na joto lenye unyevu. Cairo iko kusini zaidi kuliko Richmond, Virginia, mji uliokuwa makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mji wote umezungushiwa matuta na kuta za kuzuia mafuriko. Barabara kuu ya kuingilia kutoka kaskazini hupita chini ya njia ya reli, na hapo limewekwa lango kubwa la chuma linaloweza kuteremshwa na kuufunga mji kama ngome. Lakini hata lango likifungwa maji hupata njia nyingine. Mito inapofura, uzito wake husukuma maji kupitia mchanga ulio chini ya matuta, nayo hububujika ndani ya mji kama chemchemi, yakichukua mchanga pamoja nayo. Mwenyeji wa Cairo anapotazama mto ukipanda hulazimika kuitazama na ardhi anayoikanyaga.

Hati ya mwaka 1818

Watu wa kwanza kuyafahamu makutano haya hawakujenga mji hapo. Wafaransa walipita mara nyingi, na mwaka 1702 Charles Juchereau alifungua karibu na eneo hilo kituo cha kutengenezea ngozi za wanyama, ambacho hakikudumu. Mwezi Agosti 1803 watu wa kabila la Kaskaskia, ambao idadi yao ilikuwa imepungua sana kwa vita na maradhi, walitia saini mkataba ulioiachia serikali ya Marekani sehemu kubwa ya nchi hiyo. Miezi mitatu baadaye walifika Meriwether Lewis na William Clark, wakiwa njiani kuelekea magharibi. Walikaa siku kadhaa, wakapima upana wa mito, wakafanya mazoezi ya vyombo vyao, kisha wakaendelea na safari.

Aliyeuona mji kabla haujakuwepo ni John G. Comegys, mfanyabiashara kutoka Baltimore. Mwaka 1818, Illinois ikiwa bado haijawa jimbo kamili, yeye na wenzake walipewa na baraza la kutunga sheria hati ya kuanzisha Mji na Benki ya Cairo. Mpango wenyewe ulikuwa wa werevu kwenye karatasi. Viwanja vingeuzwa, theluthi moja ya bei ingekwenda katika matuta na kazi nyingine za mji, na theluthi mbili zingekuwa mtaji wa benki. Comegys alifariki muda mfupi baadaye, na mpango ukafa pamoja naye. Hapakuwa na tuta wala mtaa, lakini jina lilibaki.

Misri hiyo ya Marekani ina hadithi yake. Kusini mwa Illinois kote hujulikana kama Misri Ndogo, na ramani inaonyesha miji ya Thebes na Karnak si mbali na Cairo. Baadhi ya watu husema sababu ni kufanana kwa bonde la Mississippi na lile la Nile. Wengine husimulia juu ya majira makali ya baridi ya mwaka 1830 na 1831, wakati wakulima wa kaskazini waliokosa mahindi waliposhuka na magari yao kununua nafaka kusini, wakijifananisha na wana wa Yakobo waliokwenda Misri kwa Yusufu kutafuta chakula. Hadithi ya pili ni nzuri zaidi, lakini jina la Cairo lilitangulia njaa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Fedha za London

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi na anguko lake likawa kubwa zaidi. Mwaka 1837 Darius B. Holbrook alianzisha Kampuni ya Mji na Mfereji wa Cairo. Alikopa fedha kwa kuuza hati za dhamana za kampuni hiyo nchini Uingereza kupitia nyumba ya biashara ya John Wright huko London. Wanunuzi walikuwa watu ambao hawajawahi kuona Mississippi. Walichokiona ni ramani, na ramani ilisema kweli: mito miwili mikubwa, njia za maji zinazofika nusu ya nchi, na mahali pamoja ambapo zote hukutana. Kilichokosekana katika ramani hiyo ni kimo cha ardhi.

Fedha zilipofika, kazi ilifanyika. Palijengwa tuta, karakana ya meli, kiwanda cha kusubu chuma, vinu vya kupasulia mbao na nyumba za wafanyakazi. Holbrook hakutaka kuuza viwanja. Alipendelea kuvikodisha, ili faida ya mji ujao ibaki mikononi mwa kampuni. Kwa hiyo wakazi waliishi katika mji ambao hawakuwa na haki ya kumiliki hata kipande chake. Mwaka 1840 nyumba ya Wright ilifilisika, malipo yakakatika, na watu wakaondoka kwa haraka ile ile waliyokuja nayo. Sensa ya mwaka 1850 ilikuta wakazi 242.

Katika kipindi hicho cha ukiwa, mwezi Aprili 1842, ilipita meli ya mvuke iliyombeba mwandishi wa Uingereza Charles Dickens. Alichokiona kilimchukiza kiasi cha kukieleza kwa maneno makali katika kitabu chake cha safari za Marekani kilichotoka mwaka huo huo. Wasomi wengi wanaamini pia kwamba Cairo ndiyo iliyompa mfano wa Eden, mji wa ulaghai ulio katika riwaya yake ya Martin Chuzzlewit, ambamo wageni huuziwa viwanja vya kinamasi. Ni miji michache midogo duniani iliyotukanwa na mwandishi mashuhuri kiasi hicho ikaendelea kuishi.

Reli, na kiti cha kaunti

Uhai wa Cairo uliletwa na reli. Mwaka 1850 serikali kuu ya Marekani ilikubali kutoa ardhi ya umma kusaidia ujenzi wa njia ya kulipitia jimbo la Illinois kutoka kaskazini hadi kusini. Kampuni ya Illinois Central iliundwa mwaka uliofuata, na kufikia 1856 njia yake ilikuwa imekamilika, ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,100. Mwisho wake wa kusini ulikuwa Cairo. Wadhamini walioirithi ardhi ya Holbrook waliipa kampuni ya reli sehemu ya ardhi hiyo, nayo ikakubali kujenga matuta. Abiria na mizigo kutoka Chicago vilishuka hapa kutoka garimoshi na kupanda meli za kwenda New Orleans. Mji ulipata hadhi rasmi ya manispaa mwaka 1858, na mwezi Juni mwaka huo huo tuta la upande wa Mississippi likabomoka, maji yakauingia.

Pamoja na hayo watu hawakukimbia tena. Mwaka 1860 wakazi walikuwa 2,188, na mwaka huo Cairo ikawa makao makuu ya kaunti.

Hapa inafaa kueleza maana ya hadhi hiyo. Kaunti nchini Marekani ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo. Illinois peke yake inazo 102. Msomaji wa Kenya amelizoea neno hilo tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, lakini kaunti nyingi za Marekani ni ndogo mno zikilinganishwa na zile za Kenya. Katika makao makuu ndimo mlimo mahakama, jela, daftari la ardhi na ofisi ya kodi. Kwa mji mdogo wa karne ya 19 hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mwenye kesi, mwenye kununua shamba, mwenye kutaka cheti cha ndoa, wote walilazimika kufika hapo, na wakifika walikula, walilala na kununua bidhaa. Mji uliopoteza mahakama mara nyingi ulipoteza na watu.

Kaunti ya Alexander ni ushahidi wa jambo hilo. Iliundwa mwaka 1819, na makao makuu yake ya kwanza yalikuwa mji ulioitwa America, kwenye ukingo wa Ohio, ambao waanzilishi wake nao waliutabiria ukubwa. Mwaka 1833 mahakama ilihamishiwa Unity, ndani zaidi ya nchi kavu. Katikati ya miaka ya 1840 ikapelekwa Thebes, juu ya ukingo wa Mississippi, ambako jengo la mahakama la mwaka 1848 lililojengwa kwa mawe bado limesimama. America haipo tena kama mji, Unity ni vitongoji, na Thebes imebaki kijiji. Cairo ilikuwa makao makuu ya nne.

Ncha ya ardhi huru

Miezi michache baadaye vita vilianza, na ramani ikapata maana nyingine. Illinois lilikuwa jimbo lisiloruhusu utumwa. Kentucky na Missouri yaliuruhusu. Cairo ilikuwa kama ncha ya mkuki iliyochomekwa katikati ya nchi ya watumwa. Ndiyo maana katika riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, mtoro Jim na kijana Huck wanautafuta mji huu kwa hamu wakiwa juu ya chelezo chao: wakifika Cairo wataweza kupanda mto Ohio kuelekea majimbo huru. Wanaupita usiku katika ukungu bila ya kuuona, na mto unawazidi kuwapeleka kusini.

Wanajeshi wa serikali waliingia Cairo mwezi Aprili 1861. Septemba mwaka huo alifika Ulysses S. Grant, jenerali ambaye bado hakuwa na jina kubwa, akaufanya mji kuwa makao yake makuu. Kutoka hapa aliiteka Paducah, akapigana Belmont, na mwezi Februari 1862 akaziteka ngome za Henry na Donelson, ushindi uliofungua njia ya kuingilia Tennessee. Kwenye ncha ya rasi ilijengwa ngome iliyoitwa Defiance, maana yake ukaidi.

Katika mwaka 1862 walianza kuletwa Cairo maelfu ya watu weusi waliokuwa wametoka utumwani katika maeneo yaliyotekwa na jeshi. Walikuwa wamefika katika jimbo huru, lakini tangu 1853 sheria ya Illinois ilikuwa imewakataza watu weusi kuhamia humo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1865. Wengi waliendelea na safari au walirudi kusini. Waliobaki ndio msingi wa jamii ambayo leo ni wakazi wengi wa mji.

Baada ya vita Cairo ilionja yale iliyoahidiwa. Wakazi walifika 6,267 mwaka 1870. Jengo la forodha la mawe lililokamilika mwaka 1872, kasri la mfanyabiashara wa unga Charles Galigher la mwaka 1869 na maktaba ya Safford ya mwaka 1884 yangalipo hadi leo, na mgeni huyatazama kwa mshangao akilinganisha na mitaa mitupu inayoyazunguka.

Daraja lililoupita mji

Mwaka 1889 kampuni ya Illinois Central ilikamilisha daraja la chuma juu ya Ohio. Lilishangiliwa, na kwa uhandisi lilistahili. Lakini faida ya Cairo ilitokana na ukweli kwamba kila kitu kilisimama hapo: mabehewa yalishushwa mizigo, vivuko vikalipwa, wachukuzi wakapata kazi, wasafiri wakalala hotelini. Daraja lilipofunguliwa treni ziliendelea na safari. Daraja la reli la Thebes lilifuata mwaka 1905, kisha madaraja ya magari, na mwisho mwaka 1978 daraja la barabara kuu namba 57, ambalo huvuka Mississippi bila ya dereva kulazimika kuingia mjini. Kilele cha idadi ya watu kilikuwa 15,203 mwaka 1920.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kuyabebesha madaraja lawama zote. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1909 umati wa maelfu ya watu ulimuua hadharani katika mtaa wa Cairo mtu mweusi, Will James, aliyetuhumiwa kumuua msichana mzungu na ambaye hakuwa amefikishwa mahakamani. Usiku huo huo umati ulimuua pia mfungwa mzungu, Henry Salzner. Mwandishi wa habari Ida B. Wells alisafiri kutoka Chicago kuchunguza, na hoja alizoziwasilisha zilichangia gavana kukataa kumrudishia kazi sherifu wa kaunti aliyeshindwa kumlinda mfungwa wake.

Mwaka 1962 vijana weusi waliandamana wakidai kuruhusiwa kutumia bwawa la kuogelea. Badala ya kuwakaribisha, wenye bwawa walilifunga, na baadaye likajazwa zege. Julai 1967 askari mweusi mwenye umri wa miaka 19, Robert Hunt, alikutwa amekufa kwa kunyongwa katika kituo cha polisi. Polisi walisema amejiua. Jamii yake haikuamini, ghasia zikazuka, na jeshi la jimbo likaitwa. Raia wazungu walijikusanya katika kundi lenye silaha. Mwaka 1969 chama cha United Front kilianza kuyasusia maduka ambayo yalikataa kuajiri watu weusi, na mgomo huo ukaendelea kwa miaka. Wenye maduka wengi waliona heri kufunga kuliko kuajiri. Cairo haikupoteza biashara zake zote kwa sababu ya mito.

Kipimo cha mto

Tangu hapo habari zimekuwa za kuondoka. Hospitali ilifungwa mwaka 1986. Gereza kubwa la Tamms katika kaunti hiyo, lililofunguliwa 1998, lilifungwa mwaka 2013. Mwaka 2017 wizara ya nyumba ya serikali kuu, iliyokuwa imechukua usimamizi wa nyumba za umma za kaunti kutokana na uendeshaji mbaya, ilitangaza kwamba familia zipatazo 185 zitalazimika kuhama. Duka la vyakula lilikuwa limefungwa mwaka 2015, na duka la ushirika likafunguliwa 2023. Kati ya sensa ya 2010 na ile ya 2020 kaunti ya Alexander ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake, ikabaki na 5,240. Hakuna kaunti nyingine ya Marekani iliyopungua kwa kiwango hicho.

Mito haijapungua. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1927, bunge la Marekani liliidhinisha mpango wa kutenga mashamba ya Missouri, kutoka Birds Point hadi New Madrid, yawe mahali pa kupitishia maji ya ziada. Mwaka 1937 tuta la Missouri lilivunjwa kwa baruti na Cairo ikasalimika, wakati miji mingi ya Ohio ilizama.

Tarehe 2 Mei 2011, mto ukiwa umefikia futi 61.72, karibu mita 18.8 na kimo ambacho hakijawahi kuonekana, wahandisi wa jeshi walilipua tuta hilo kwa mara ya pili. Jimbo la Missouri lilikuwa limekwenda mahakamani kuzuia na likashindwa. Kiongozi mmoja wa bunge la jimbo hilo alitamka kuwa afadhali Cairo izame kuliko mashamba. Baadaye aliomba radhi. Hekta zipatazo 53,000 zilifunikwa na maji.

Ndani ya eneo hilo kilikuwamo kijiji cha Pinhook, kilichoanzishwa katika miaka ya 1940 na wakulima weusi ambao hawakuuziwa ardhi kwingineko. Nyumba zake ziliharibiwa, na wakazi wakatawanyika. Tuta limejengwa upya, na masharti ya kulivunja hayakubadilika: kipimo cha mto kilichoko Cairo kikifika futi 61 na maji yakiwa bado yanapanda, wahandisi wanaruhusiwa kuleta tena baruti.